Mashine ya kutempa chokoleti ni ghali, nitumie nini nyumbani? Niko Kigoma

BintiKatubuka
Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri kabla sijapoteza hela. Niko hapa Kigoma mjini, nafanya keki za oda mwaka wa 4 sasa, na toka mwaka jana nimeongeza vichokoleti vidogo vyenye karanga ndani, navipanga sita sita kwenye boksi, watu wanachukua kwa ajili ya sendofu na kichen pati na wengine zawadi tu. Ladha wanaipenda mno. Shida ni sura. Nikivitoa friji vinapendeza, kesho yake vimepauka, vina michirizi myeupe kama majivu, ukivunja havilii, vinajikunja kama kipande cha sabuni kilicholowa, na ukishika kidogo tu vidole vyote vimechafuka. Mwezi uliopita mteja karudisha maboksi mawili anasema nimemuuzia vitu vimeota ukungu, nikamrudishia hela yake maana sikuwa na cha kumweleza, ila iliniuma kwa sababu usiku ule sikulala nikivitengeneza.

Nimesoma nikaambiwa kinachokosekana ni kutempa, yaani chokoleti ya kweli unaiyeyusha, unaipoza, unaipasha tena kidogo ndio ikiganda inang'aa. Nimefuata. Nayeyusha robo tatu ya chokoleti nyeusi kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, naongeza ile robo iliyobaki nikiwa nimeikatakata, nakoroga mpaka ipoe, namimina kwenye moldi. Mara 4 nimerudia na mara 4 matokeo ni yaleyale. Nilivyonavyo ni jiko la gesi, maikrowevu ya mtumba, bakuli la kioo, moldi za silikoni na kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso tulichonunua kipindi cha korona.

Sasa kikoba chetu kinavunjwa mwezi wa 12, nategemea kama laki 7 hivi, na nimeona mashine ndogo za kutempa za kuweka mezani. Mume wangu kasema niulize wenye uzoefu kwanza. Ninunue, au kuna vifaa vya bei ya chini vinafanya kazi ileile?

Mpishi_Ipuli
Dada pole sana na hongera kwa kazi. Mimi niko Tabora, nimefanya kazi jikoni kwenye mahoteli miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani. Nakuomba usiguse hela ya kikoba bado.

Kwanza ule weupe sio ukungu, na siku nyingine mteja akirudisha mweleze bila wasiwasi. Ni mafuta ya kakao yamepanda juu. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa namna 6 tofauti, wataalamu wamezipa namba 1 mpaka 6, na tunayoitaka ni namba 5 peke yake. Hiyo ndio inang'aa, ndio inalia ukivunja, na inaanza kuyeyuka kwenye digrii kama 33 au 34, yaani chini kidogo tu ya joto la mwili, ndio maana inayeyuka mdomoni lakini ukiishika kwa muda mfupi inavumilia. Zile namba za chini zinayeyuka mapema zaidi na hazikai zilivyo, polepole zinajibadilisha zenyewe na zikibadilika ndio hiyo michirizi unayoiona asubuhi. Kutempa kote ni kuhakikisha kwenye bakuli zimebaki mbegu, yaani chembe zilizoganda, za namba 5 tu.

Mashine inafanya nini? Ina hita, ina sensa ya kupima joto, ina kitu cha kukorogea. Basi. Hita unayo, mkono unao, ulichokosa ni sensa. Hicho kipimajoto cha paji la uso kimetengenezwa kusoma joto la binadamu, kikiwa kwenye hali ya kupima mwili kinapiga hesabu zake ndani ili kikupe joto la mwili kutoka kwenye ngozi, na kikitoka nje ya kipimo chake kinaandika HI au LO. Niambie ukweli, kwako si ndivyo kinavyoandika? Vingine vina hali ya pili ya kupima vitu na hiyo ukiipata inasaidia, ila kumbuka kinasoma juu juu tu, kwahiyo koroga kwanza ndio upime, na elekeza kwenye chokoleti yenyewe, usielekeze kwenye bakuli la stenlesi linalong'aa, litakudanganya.

Nunua themomita ya sindano, zile za nyama, zenye namba. Mimi ya kwangu nilinunua 15,000 na inanitosha. Namba zako ni hizi. Chokoleti nyeusi yeyusha hadi 45 mpaka 50, shusha hadi 27 au 28, pandisha hadi 31 au 32 ndio ufanyie kazi. Ya maziwa yeyusha 40 mpaka 45, shusha 26 au 27, fanyia kazi kwenye 29 au 30. Nyeupe inafanana na ya maziwa ila mwisho iwe 28 au 29. Ukitumia njia yako ya kuongeza vipande hushuki mpaka 27, unateremka taratibu mpaka 32 ukikoroga na hapo unamimina.

Themomita ukishanunua ipime kwa barafu iliyopondwa na maji kidogo, isome 0 au karibu na hapo. Usiipime kwa maji yanayochemka ukategemea kuona 100. Huku Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 96 hivi, na hata nyie kando ya ziwa mko kwenye mita 770 na kitu kwahiyo yanachemka karibu 97. Watu wanatupa themomita nzima kwa sababu hiyo.

Na swali moja la mwisho, angalia kwenye pakiti: imeandikwa siagi ya kakao tu au kuna mafuta mengine ya mimea?

Mgebuka_Mkavu
weka kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kwenye hiyo chokoleti itang'aa yenyewe, sista wangu anafanya hivo kila siku kwenye keki

MamaNne_Ujiji
Mwanangu Mgebuka, kwa kumwagia juu ya keki sawa, itateleza na kung'aa, lakini kwa kipande cha kushika mkononi mafuta ya kupikia yanalainisha, na hapa kwetu Kigoma kwa joto hili hatutaki kulainisha chochote.

Binti yangu wa Katubuka, mimi niko Ujiji na hizi kazi nimezifanya toka watoto wangu wako shule ya msingi. Swali la pakiti alilouliza huyo kaka wa Tabora naomba ulijibu vizuri maana ndio msingi. Vile vipande vinavyouzwa bei rahisi kwenye maduka ya vifaa vya keki mara nyingi ni kompaundi, siagi ya kakao imetolewa yakawekwa mafuta mengine, mara nyingi ya kiini cha mchikichi, yaani ndugu wa mafuta yetu ya mawese. Kompaundi haihitaji kutempwa kabisa, unaiyeyusha tu, unamimina, inaganda, na joto inalivumilia zaidi. Ladha haiifikii ya kweli, lakini kuna oda za kompaundi na kuna oda za chokoleti ya kweli na mteja aambiwe anapewa ipi. Ila usizichanganye hata siku moja, ukasema hii imepungua ngoja nijazie na ile. Mafuta hayo mawili hayaelewani, mchanganyiko unakuwa laini kuliko kila moja peke yake na unapauka haraka.

Sasa vifaa. Mimi sijawahi kuwa na mashine. Nina vitu vitatu. Cha kwanza hotipoti, ile kubwa ya kupelekea wali kwenye shughuli. Chokoleti ikishatempwa nikaifikisha kwenye 32, natia ndani ya hotipoti maji ya vuguvugu yenye digrii 33 au 34, naweka bakuli langu la stenlesi humo, na mfuniko naufunika nusu. Inakaa kwenye joto lake kwa muda mzuri tu huku nikichovya na kumimina, maji yakipoa naongeza kidogo ya moto pembeni. Zamani nilikuwa narudisha bakuli jikoni kila baada ya dakika chache na kila nikirudisha inapita 34, na ikipita hapo zile mbegu zote zimeyeyuka, unaanza upya.

Cha pili draya ya nywele. Chokoleti ikianza kuwa nzito kama uji wa mtama unaipuliza juu huku unakoroga, sekunde kumi, unapima, unapuliza tena. Haina mvuke, haina maji, unapandisha digrii moja moja. Mvuke ndio adui. Tone moja la maji kwenye chokoleti iliyoyeyuka na inakaza yote inakuwa kama udongo wa kufinyangia, kwahiyo kama unatumia sufuria ya maji, maji yasichemke, bakuli lisiguse maji, na liwe pana kuliko sufuria ili mvuke usitokee pembeni ukaingia ndani. Ukilitoa futa chini yake kwa kitambaa kikavu kabla ya kuinamisha. Ikikaza usiitupe, pasha krimu au maziwa uongeze ya kutosha, inageuka kuwa rojo zuri la kujazia keki, lakini kutempa imeshashindikana.

Cha tatu kipande cha granaiti. Nenda kwa mafundi wanaotengeneza meza za jikoni, waombe mabaki, mimi nilipewa bure. Unamwaga theluthi mbili ya chokoleti juu yake, unaitandaza na kuikusanya kwa kibao cha plastiki mpaka iwe nzito, unairudisha kwenye bakuli kwa ile ya moto iliyobaki.

Maikrowevu yako pia ni nzuri. Weka nguvu nusu, sekunde 30 halafu koroga, sekunde 20 koroga, 15 koroga. Usiiache ikajiyeyushia yenyewe, inaungulia katikati wakati juu bado inaonekana vipande.

fundi_vifaranga
wakuu mimi sio mpishi, ni fundi wa mashine za kutotolesha vifaranga hapa Tabora, ila mke wangu anafanya keki na nilimtengenezea kitu ambacho naona kinajibu swali la dada moja kwa moja ngoja nielezee

zile themostati ndogo, vidude vya kuwasha na kuzima umeme kufuata joto, tunazoweka kwenye mashine za mayai watu wanadhani ni za 37.5 tu kwa sababu ndio joto la kutotoleshea mayai ya kuku, kumbe inasoma kuanzia chini ya sifuri mpaka zaidi ya 90, unaiseti popote unapotaka. ipo ya bei rahisi kabisa W1209 inatumia volti 12, unaipa moto kwa adapta ya ruta iliyokufa, na ipo STC-1000 inaingia umeme wa nyumbani moja kwa moja na ina boksi lake tayari ila skrubu za waya za nyuma nazo lazima zifunikwe. kama hujui umeme chukua hiyo ya pili, ile W1209 skrubu zake ziko wazi kwa chini na ukipitisha umeme wa nyumba kwenye relei yake, ile swichi yake ya ndani, bila kuifungia kwenye boksi la plastiki unaweza kupigwa shoti, na wewe una mikono yenye maji

boksi nimetumia deli la kuuzia ice cream, lile jeupe jepesi, nimelinunua kwa kijana aliyeacha biashara. ndani nimeweka balbu mbili za wati 40 za zamani zile zenye waya ndani zinazotoa joto, hizi za kisasa za kupunguza matumizi hazifai hazina joto, balbu nimezifunika kwa kopo la maziwa nililotoboa matundu ili zisikaribie ukuta wa deli maana lile deli linayeyuka na linaweza kushika moto, halafu feni ndogo ya kompyuta inazungusha hewa. sensa usiiachie ikaning'inia karibu na balbu itakuwa inazima kabla bakuli halijapata joto, ibandike nje ya bakuli la chokoleti kwa selotepu au itumbukize kwenye kikombe cha maji kilicho pembeni ya bakuli. tofauti ya kuwasha na kuzima weka nusu digrii

matumizi yake ni hivi. usiku mama anaweka chokoleti imekatwakatwa kwenye bakuli, anaseti 46, analala. asubuhi imeyeyuka yote hakuna mvuke hakuna kuungua hakuna kusimama jikoni. anaitempa kwa mkono kwenye meza kisha anarudisha kwenye deli limeshushwa hadi 32, na hapo anachovya mpaka mchana joto halibadiliki. umeme ukikatika anafunika tu, deli linatunza joto. gharama yote kwangu haikufika elfu 60 na vitu vingine nilikuwa navyo

Mpishi_Ipuli
Fundi hiki ni kitu kikubwa sana, sikuwahi kufikiria mashine ya mayai. Niongeze tu kwamba kukaa kwenye 32 muda mrefu inabidi akoroge kila baada ya muda, na ikianza kuwa nzito sana maana yake mbegu zimezidi, apandishe nusu digrii au moja, isizidi 33.

BintiKatubuka
Jamani asanteni sana, sijui hata nianzie wapi, shikamoo mama wa Ujiji. Kaka wa Ipuli umenipiga paji la uso kweli, kile kipimajoto kilikuwa kinaandika HI, baadaye kinaandika LO, na mimi nilikuwa nakadiria kwa kugusisha mdomoni. Pakiti nimeisoma, ni siagi ya kakao tu hakuna mafuta mengine. Naenda kutafuta themomita Mwanga nitarudi.

BintiKatubuka
Nimerudi baada ya wiki, na nimerudi na huzuni. Themomita nimepata, nikaipima kwa barafu ikasoma 0.4. Nikayeyusha gramu 300 mpaka 47, nikaongeza gramu 100 za vipande, nikakoroga kwa utaratibu mpaka 32, nikachovya ncha ya kisu kujaribu kama inaganda nikaiweka mezani. Dakika 5 bado mbichi, dakika 10 bado, dakika 20 imeganda ina mabaka. Nikamimina hivyohivyo, asubuhi michirizi ileile. Safari hii namba zote nimefuata. Nimekosea wapi?

MamaNne_Ujiji
Marahaba binti yangu, usihuzunike. Hiyo chokoleti unaitoa wapi, na inakufikiaje?

BintiKatubuka
Naagiza Dar mama, wananitumia kwa basi. Inafika iko salama ila huwa ina madoa meupe kidogo, na mara nyingine vipande vimegandana nalazimika kuvitenganisha kwa kisu.

Mpishi_Ipuli
Dada, basi umepata jibu, na kosa halikuwa lako hata kidogo.

Ile robo unayoongeza kazi yake sio kupoza tu, ndio mbegu. Inaingia ikiwa imebeba namba 5 ndani yake na inaifundisha ile iliyoyeyuka igande vipi. Sasa chokoleti yako imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwenye buti ya basi, mchana jua, buti ni tanuri, imeyeyuka humo na kuganda yenyewe usiku bila mtu wa kuiongoza. Imefika ina ladha yake yote na haijaharibika kwa kula, lakini mbegu hazipo. Ni kama kupanda mahindi yaliyochemshwa. Mashine ya laki 7 nayo ungeiwekea mbegu hiyohiyo ingekuletea michirizi hiyohiyo, maana nyingi za hizo ndogo zinategemea uongeze vipande vizuri.

Kwa mzigo ulionao usitumie mbegu. Yeyusha yote mpaka 48, usiache hata kipande. Kisha kalisha bakuli kwenye maji ya baridi, sio ya barafu, maji ya mtungini yanatosha, koroga bila kuacha mpaka 27. Itakuwa nzito, utaona inaacha njia nyuma ya mwiko. Itoe, ifute chini, puliza draya mpaka 31 au 32. Chovya kisu tena. Ikiganda ndani ya dakika 5 hivi na inang'aa, mimina. Kukoroga kwenye hatua hii usikuonee uvivu kwa sababu ndiko kunakozalisha mbegu, mkono wako ndio ile mota ya mashine.

Na ikitoka vizuri, kabla hujauza hata kimoja, toa nusu kilo uifunge vizuri na kuihifadhi penye ubaridi. Hiyo ndio mbegu yako ya mara ijayo. Kila ukifanya unabakiza nyingine.

Kingine, gramu 400 ni kidogo mno. Bakuli dogo linapoa na kupata joto kwa sekunde, huwezi kulishika. Fanya kilo 1 na kuendelea, inayobaki unaigandisha na kuiyeyusha tena siku nyingine, haipotei.

MamaNne_Ujiji
Na kuhusu saa. Chokoleti inataka chumba chenye digrii 18 mpaka 22. Jikoni kwangu mchana nakuta 28, 29, hapo hata ukitempa kama malaika haitaganda yenyewe mezani. Mimi naanza saa 10 na nusu alfajiri, madirisha yote wazi, upepo wa ziwani unapita, nikimaliza naswali. Ikishamiminwa ingiza friji, sio friza, dakika 10 mpaka 15. Kuna jambo watu hawalijui, chokoleti inapoganda inatoa joto lake yenyewe, ndio maana ukibananisha moldi kwenye friji, zile za katikati zinapauka na za pembeni zinapendeza. Ziache zipumue.

Ukizitoa usizifunue hapo hapo kwenye hewa ya joto zikapata jasho, yale maji yanayeyusha sukari juu na kuacha weupe wa namna nyingine, mkwaruzo kama chumvi. Ule wa mafuta ukipitisha kidole unayeyuka, huu wa sukari haupotei kwa kidole.

Nyuki_Sikonge
Samahani naingilia, niko huku Sikonge nafuga nyuki, nilitaka kuchanganya asali yetu kwenye chokoleti nyeusi nitengeneze vipande vya kuuza lakini kila nikitia asali inakaza inakuwa donge, ni asali mbaya au?

Mpishi_Ipuli
Asali yako ni nzuri kaka, usiilaumu, lakini hata asali nzuri iliyoiva ina maji ndani yake, asilimia 17, 18 hivi, na hayo yanatosha kukaza chokoleti. Tengeneza ganda kwanza kwenye moldi, likiganda jaza asali katikati uache nafasi juu, funika kwa chokoleti nyingine. Iwe ile asali nzito iliyoanza kuganda kidogo, ya maji maji itavuja.

fundi_vifaranga
dada wa Kigoma kwenye kuagiza Dar waambie wafunge kwenye deli dogo pamoja na chupa za maji zilizogandishwa, chupa zizungushiwe magazeti na chokoleti iwe kwenye mfuko uliofungwa usiingie unyevu, sisi dawa za chanjo za kuku zinazotaka ubaridi ndivyo zinavyotufikia na zinafika

BintiKatubuka
Wapendwa, naandika huku mikono bado inanukia kakao. Leo niliamka saa 10 kasoro. Jikoni ilikuwa 23. Nimeyeyusha kilo 1.2 mpaka 48 kwenye maikrowevu kama mama alivyosema, sekunde chache chache, nikakalisha bakuli kwenye beseni la maji ya mtungini, nikakoroga dakika kama 14 mkono ukaniuma kweli, ikafika 27 ikawa nzito kama Kaka wa Ipuli alivyosema, inaacha njia. Nikafuta, nikapuliza draya mpaka 31.5. Nikachovya kisu. Dakika 4. Nimepiga kelele mume wangu akaamka akidhani kuna nyoka.

Nikaweka bakuli kwenye hotipoti la maji ya 33, nikamimina moldi zote 5 kwa nafasi yangu bila haraka, karanga ndani, friji dakika 12 moldi mbili mbili. Nilipozipindua zimedondoka zenyewe, sikubonyeza kama siku zote. Zile za silikoni iliyochakaa hazijang'aa sana, lakini zile za moldi mpya unaweza kujitazama. Nimevunja kimoja mbele ya watoto kikalia, wote wakacheka. Nusu kilo nimefunga kwenye mfuko na kuandika MBEGU USILE.

Sasa ni saa 3 usiku, zimekaa mezani kwenye boksi mchana kutwa kwenye kivuli, hakuna hata mstari mmoja mweupe. Nitaangalia kesho na keshokutwa kabla ya kushangilia zaidi. Yule mteja wa maboksi mawili nitampelekea boksi moja bure.

Mpishi_Ipuli
Hongera sana dada. Zilidondoka zenyewe kwa sababu iliyotempwa vizuri inasinyaa kidogo ikiganda, inajiachia. Kama unataka kutoa hela ya kikoba kwa kitu, nunua moldi mbili za plastiki ngumu, zile zinazoonekana kama kioo, mng'ao utaongezeka mara nyingi kuliko silikoni, na zikitunzwa bila kukwaruzwa zinakaa miaka. Usizisugue kwa stili waya, futa kwa pamba kavu.

MamaNne_Ujiji
Mashallah. Nibakishie kimoja cha karanga, Jumamosi nitapita Katubuka.

BintiKatubuka
Karibu sana mama, nitakuwekea boksi zima.

Fundi, mkono wangu wa kulia hauwezi kukesha tena kwenye hotipoti nikiwa na oda ya maboksi 40, naomba unitengenezee lile deli lenye themostati, ile ya STC-1000 iliyofungwa kwenye boksi lake sitaki ile nyingine, na utume kwa treni. Nitalipa nusu kwanza, nusu ikifika stesheni Kigoma.

fundi_vifaranga
sawa dada. nipimie bakuli lako upana wa juu na kimo kwa sentimita nijue deli la saizi gani, na uniambie kama unataka liingie bakuli moja au mawili